Chifu Sahau Amzika Mkewe

Harufu ya rangi nyeusi ya viatu hunirudisha Isiolo, kwenye chumba chetu cha mabati, baba akiwa amepiga magoti mbele ya kioo kidogo akijichorea masharubu kwa kidole. Baba yangu alikuwa mchekeshaji. Mji mzima ulimjua kama Chifu Sahau, chifu asiyekumbuka kitu. Aliingia harusini akauliza ni nani aliyekufa. Alimsalimia mbuzi kwa heshima zote, salaam aleikum na kumshika kwato, akidhani ni karani wake. Siku za soko kule Oldonyiro, wafanyabiashara waliacha ng'ombe wao wakaja kumcheka mpaka wakashika mbavu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama alifariki nikiwa na miaka minane, na tangu hapo baba akirudi alinawa masharubu yake kwenye beseni, akala, kisha akakaa mlangoni kutazama barabara. Sikuwahi kumwona akilia. Wenzangu shuleni waliniambia nina bahati, kwamba kwetu lazima watu wanacheka asubuhi na jioni. Niwaambie nyinyi nilichoogopa: kwamba ndani ya baba kicheko kilikuwa kimejaa sana hata mama hakupata pa kukaa. Aliyeniangalia ni jirani yetu Mama Kinoti, Mmeru aliyeuza mboga kando ya barabara.

Kisha wakaja watu wa filamu kutoka Nairobi. Walitafuta mtu wa kuigiza mfugaji aliyefiwa na mkewe wakati wa ukame. Mwongozaji wao, mwanamke wa maneno machache, akamchagua baba. Watu wa mji walimwonya kuwa huyo akisimama tu watazamaji watacheka, na filamu itaharibika. Alijibu kwamba alikuwa amemwona akinywa chai peke yake hotelini, na hilo lilimtosha.

Siku ya kurekodi maziko nami nilipelekwa, hadi upande wa Leparua. Walikuwa wamepanga kaburi la mawe kwenye uwanja mkavu, ndani hamna mtu. Baba alivaa shuka kuukuu, uso mtupu, bila masharubu. Wafugaji waliokuja kutazama walianza kucheka kabla hajafungua mdomo, wakimngoja asahau ni nani aliyezikwa. Aliyasema vizuri maneno aliyoandikiwa, lakini mwongozaji hakuridhika. Alimwomba ayaache hayo, aseme ya kwake mwenyewe.

Baba akachuchumaa, akaondoa jiwe moja dogo, akalirudisha palepale.

"Mtoto ameniuliza ni nani atamsuka nywele," aliliambia kaburi. "Nikatoka nje, sikumjibu. Mimi sijui kusuka. Hata pa kuanzia sijui."

Akalia. Hakuna aliyecheka.

Maneno yale yalikuwa yangu. Nilimwuliza hivyo jioni ya siku aliyozikwa mama, wageni wakiwa bado wanakunywa chai uani, naye kweli alitoka nje. Miaka yote hiyo nilidhani hakunisikia. Kumbe alinisikia, na jibu langu ameyapelekea mawe, mbele ya watu tusiowajua. Nilingoja ageuke anitazame. Badala yake mtu alimletea maji, naye baba akamwuliza kwa upole kama yeye ndiye marehemu. Wote wakaangua kicheko, kama watu waliotuliwa mzigo.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa mji, watu walicheka mara tu alipotokea. Kisha kicheko kikafifia safu kwa safu, hadi nikawasikia akina mama wakipenga kamasi. Baba hakuja, alisema kichwa kinamuuma. Baada ya hapo mialiko ya harusi ilipungua. Watu walikiri kwamba wakimwona hukumbuka lile kaburi, na kumcheka kunawashinda. Filamu nyingine haikuja. Akabaki na mbuzi wake wachache, na mlango wake wa kukalia.

Nilikuwa mtu mzima, baba ameshazikwa, Mama Kinoti aliponiambia jambo moja huku akikatakata sukuma wiki. Alidhani nilikuwa nikilijua.

"Siku ile ya kurekodi maziko, gari la watu wa filamu lilikuwa limejaa," alisema. "Wakasema mtoto abaki na mimi. Baba yako akakataa kupanda. Akawaambia, huyu asipokuja, sasa mimi nitaambia nani?"

Kwa hiyo hakuwa akisema na mawe. Alikuwa akinijibu mimi, niliyesimama nyuma ya kamera, kwa njia pekee aliyoiweza: akiwa ndani ya shuka la mtu mwingine, kwenye kaburi lisilo na mtu. Nami nilisimama pale nikingoja ageuke. Huenda naye alikuwa akingoja nisogee.