Vidudu vya Papa kwenye Mbabula ya Mama

Papa, baba yangu, alifuga vidudu visivyoonekana kwa macho. Vilikula mafuta ghafi, yaliyopanda mto kutoka pwani ndani ya chupa ya bia, na vilipenda joto la kubabua mkono. Chuo kikuu kilikuwa na sanduku la umeme la kuvitunza. Umeme ulipoanza kukatika kila siku, alivileta nyumbani: vichupa vitatu ndani ya sufuria ya maji, juu ya mbabula yetu pekee, jiko la mkaa. Mama akarudi kupikia kuni kwenye mafiga. Miaka minne ya masomo ya papa ilikuwa ndani ya sufuria ile.

Tulilinda kwa zamu. Joto likishuka, kipande cha makala kwenye moto. Likipanda, kikombe cha maji baridi. Siku mafuta yalipoanza kumeguka na maji kuwa na ukungu, papa alituita mmoja mmoja tuje tuone kwamba vinakula.

Kisha ikatangazwa kwamba mkubwa wa Chama anakuja. Mjumbe wa mtaa alipita akisema kila mtu aende kucheza ngoma za kumpokea kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Papa alimwomba niachwe mimi, binti yake, nilinde moto. Akamweleza habari za vidudu.

“Citoyen,” mjumbe akasema, maana raia wote tuliitwa hivyo, “hivyo vidudu iko na kadi ya Chama?”

Majirani wakacheka. Papa naye akacheka, kwa kuwa ilibidi.

Mama akafanya kama kila mama wa mtaani anayeacha madesu, maharagwe yake, motoni: akajaza makala, akayafunika kwa majivu yasiishe upesi, na sufuria akaifunika. Tukaenda.

Tulicheza tangu asubuhi. Ndege haikuja. Nilitikisa kiuno mstari wa mbele. Nyuma yangu papa, ndani ya abakosti yake, suti ya Chama isiyo na tai, alipiga makofi nje ya mdundo. Ningeweza kujiangusha, nijifanye mgonjwa, nirudishwe nyumbani. Niliendelea kucheza.

Tuliruhusiwa kuondoka jua likiwa limeinama. Majivu yalikuwa yameutunza moto vizuri mno. Maji yote yalikauka. Vichupa viwili vilipasuka. Ndani ya cha tatu kulibaki ukoko mweusi.

“Nilifanya kama ya madesu,” mama akasema.

“Hata mimi ningefanya vile,” papa akajibu.

Aliukwangua ukoko, akautia katika maji mapya pamoja na mafuta ya mwisho ya chupa. Tukarudia zamu zetu siku tisa. Mafuta yalielea juu, meusi, mazima. Siku ya kumi mama aliuliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kuchukua mbabula yake. Papa akasogea kumpisha.