Kofia Ndani ya Kompyuta

Siku yangu ya kwanza katika ghala la kiwanda, Bwana Stoo aliyenipokea hakunionyesha vipuri. Alinionyesha kofia. Fundi akiazima spana, anavua kofia yake na kuiacha rafuni pale spana ilipokuwa. Ukiona kofia ya Hamisi, spana iko kwa Hamisi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najiona msomi, nikacheka. Mzee yule akaja kustaafu, nikawa Bwana Stoo mimi, na kofia zikaendelea kutawala.

Kisha kiwanda kikabinafsishwa. Meneja mpya, mama mmoja mwenye haraka zake, akatuita wakuu wa vitengo.

"Soko huria halimngoji mtu. Kila mmoja atasoma mifumo ya taarifa ya kompyuta kwa intaneti, ile kozi ya mameneja wa biashara. Atakayefeli nampeleka tawi letu la Turiani, huko mbali mashambani."

Wenzangu waliogopa kompyuta. Mimi niliogopa Turiani. Mimi ni mtu wa Mafiga, mtaa wa hapa hapa mjini, nikilala nje ya kitanda changu naamka na homa. Hata kwa shemeji Mkuyuni naenda asubuhi, jioni nimerudi.

Mke wangu alifurahi. "Feli tu, baba Zuhura. Nami nipumzike kukuona umekaa barazani kama mtungi."

Darasa lilikuwa duka la intaneti mjini: viatu mlangoni, kompyuta zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Somo lilifunguka mstari kwa mstari, na mvua ikipiga milimani laini ya simu inayoleta intaneti inakatika, na somo nalo. Nikajifunza kwamba mfumo wa taarifa si ile mashine. Ni watu, habari zao, na utaratibu wa kumfikishia meneja jambo kabla hajakata shauri. Mwalimu alikuwa ng'ambo, jina tu chini ya barua pepe.

Kazi ya mwisho ilikuwa kujenga mfumo wa kitengo chako, meneja wako aukague. Nikaingiza ghala zima. Meneja akaja, akauliza spana kubwa ya mabomba. Kompyuta ikajibu ipo. Tukaenda rafuni, tukakuta kofia.

"Bwana Stoo, hii ndiyo spana?"

"Hiyo ya Hamisi, mama."

"Kwa hiyo nifungue bomba kwa kofia ya Hamisi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Nikajiona nimeshafika Turiani, naumwa na mbu wa mashamba ya mpunga. Nikaomba muda hadi kesho yake. Nikaongeza safu moja kwenye mfumo, nikaiita "Kofia": jina la mwazimaji linaingia humo kabla hajavuka mlango.

"Sasa mzee, kofia yangu itafanya kazi gani?" Hamisi akalalamika.

"Ivae."

Meneja akarudi, akauliza hiki na kile, kila kitu kikaonekana kilipo. Mwalimu akaandika kwamba nimefaulu. Nikaitwa ofisini.

"Hongera. Mfumo mzuri. Jiandae, unaenda kuuweka Turiani."

Jamani! Nimesoma nisiende Turiani, nimefaulu, napelekwa Turiani! Nikakaza sauti.

"Mama, mwalimu wangu kanifundisha kozi nzima akiwa kwao. Nipe simu na modemu ya kuiunganisha na kompyuta, niwafundishe Turiani nikiwa hapa hapa."

Akanitazama, akacheka. "Mvivu wewe!" Kisha akaagiza modemu.

Sasa nimestaafu. Vijana, mkisikia wazee wanasema kusoma mtandaoni ni mambo ya watu wasiopenda kutoka nyumbani, msibishane nao. Wanasema kweli. Nyinyi someni tu. Turiani nasikia ni pazuri.