Ukuta wa Mama Mkubwa

Mwenzangu wa chuoni, ambaye siku hizi anaandaa maonyesho ya picha Dar es Salaam, alinipigia simu akitaka nimtafutie wachoraji walio hai wanaochora kama yule fundi mashuhuri wa kusini aliyekwisha kufariki. Picha za fundi huyo mnazijua, zimejaa kwenye kalenda na vikombe: ndege wa shingo ndefu, rangi zinazowaka, vidoti mpaka pembeni. Mimi ni mwalimu wa sanaa Masasi, naishi Mkomaindo, na nilimjibu harakaharaka kwamba hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu huu umeniponza mara nyingi.

Wiki mbili nilizunguka mjini. Karibu na hospitali nilimpata mchora mabango mmoja mwenye mkono mwepesi kweli, akanitolea twiga wanane. Nilipomuuliza twiga amewaona wapi, alisema kwenye kalenda. Wa pili alikuwa na twiga walewale, ila wa kwake walikuwa na kope. Sikuwacheka, watu wanatafuta riziki, lakini nilirudi nyumbani nimenuna. Picha zao zilifanana na za yule fundi kama picha ya pasipoti inavyofanana na mwenyewe.

Mwisho wa wiki nilipanda kwenda Newala, kwenye uwanda wa juu, mpaka Chilangala, kumsalimia mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea. Nilikaa barazani nimeegemea ukuta kama nilivyokaa utoto wangu wote. Nikageuka kutafuta pa kuweka kikombe cha chai, nikakutana uso kwa uso na jogoo. Alikuwa mkubwa kuliko baiskeli iliyochorwa chini yake, mwekundu wa udongo wa kwetu, tumbo limejaa vidoti vyeupe. Nyuma yake palikuwa na mkorosho wenye kila jani lake. Hakuna kivuli, hakuna hata pa kuweka kidole palipobaki patupu.

Mwili ulinisisimka, halafu nikajionea haya. Chuoni nilijaza kurasa nikivisifu vidoti vya yule fundi, na sikuthubutu kuandika kwamba kwetu kuna kuta za namna hiyo. Nyumba ya udongo niliiona si kitu cha kuandika kwenye mtihani.

Kijijini kwetu wanawake hukandika nyumba upya kabla wanawali hawajatoka unyagoni, kisha huchora. Mvua na migongo ya watu huzifuta zile picha taratibu, na mwaka unaofuata ukuta unakandikwa tena. Hakuna anayeuita usanii. Mama mkubwa aliwashinda wote na kila mtu alijua, ila sikumbuki mtu yeyote kumwambia.

Nilimpigia mwenzangu palepale. Alisema imebaki nafasi moja tu, na atakuja Jumamosi ijayo kujionea mwenyewe. Niliitaka nafasi hiyo kwa kila hali, kwa sababu jicho la kushoto la mama mkubwa lilikuwa limeshaingia ukungu, na sikujua angechora kuta ngapi tena. Nikamwambia mama mkubwa kwamba Jumamosi naleta mgeni kutoka Dar, anakuja kuuona ukuta wake. Aliitikia tu, akaendelea kupepeta mahindi. Hata picha ya simu sikupiga. Nilijiambia ukuta hauendi popote.

Jumamosi tulifika, nikashuka kwenye gari, nikaenda moja kwa moja barazani. Ukuta ulikuwa mtupu. Ulikuwa umesiribwa laini toka kona hadi kona, kahawia, bado una unyevu. Jogoo hakuwepo, wala mkorosho. Nilitoa shikamoo, na mama mkubwa akaitika marahaba huku amejaa tabasamu, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mama, umeufuta?" nilimuuliza.

"Si umesema mgeni anakuja kuuona? Ningempokea na ukuta wa mwaka jana?"

Nilikuwa nimeshakasirika, nikajizuia. Alikuwa ametumia ndoo nne za maji, kiangazi, huku juu ambako maji yanafuatwa mbali mpaka kunawa tunanawa kwa kipimo. Zote amezimwaga kwenye ukuta kwa heshima ya mtu asiyemjua. Mimi ndiye niliyesahau adabu za kwetu.

Alituandalia chai kwanza. Halafu akaleta vibakuli vyake vya udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi, akatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa brashi, akaanza pembeni bila kupima wala kuchora mstari wa kujaribia. Mpaka adhuhuri gari la mgeni lilikuwa ukutani, kubwa kuliko nyumba iliyochorwa kando yake, na sisi wawili ndani yake tuna vichwa kama maboga. Kisha vikaja vidoti, akavifuata kwa lile jicho moja, hakukosea hata kimoja. Nilijivuna waziwazi, sikuficha.

Mwenzangu alimwonyesha kwenye simu picha ya yule fundi mashuhuri, akamuuliza kama aliwahi kujifunza kwake. Mama mkubwa aliisogeza simu kwenye jicho zima, akaitazama kwa muda mrefu.

"Simjui," alisema. "Lakini mama yake alijua kukandika."

Mwenzangu aliirudisha simu mfukoni. Baadaye akatoa karatasi ya maonyesho, iliyoandikwa juu kwamba ni ya wanaofuata nyayo za fundi, akayakata maneno hayo kwa kalamu. Aliomba mama mkubwa aje Dar kukandika ukuta mmoja wa ukumbi. Mama mkubwa alitaka kujua kwanza kama huko kuna udongo wa maana, na walipokubaliana kwamba atabeba wa kwake, mwenzangu akaniuliza jina lake kamili ili aliandike pale juu. Nililitaja kwa sauti kubwa, na majirani walisikia.