Mkono Ulioshika Waya

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Hapa Kamina wameshacheka wengi mpaka wakachoka. Mimi ni fundi wa moteri, si mtu wa maono wala si mtu wa pombe, na haya ninayokuambia yalinipata mchana wa jua kali, macho yangu yakiwa wazi. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo.

Dada yangu mdogo alinipigia simu kutoka Sanga, kule kwenye ziwa Kisale. Akaniita ndugu mkubwa kama kawaida, akasema, "Yaya, mama iko anaenda. Macho haioni tena. Kila mwenye kuingia anamushika mukono, anauliza kama njo weye." Wewe ungefanya nini? Nilifunga karakana siku ileile. Wa kumuaga sikuwa naye. Mke wangu alirudi kwao Mwene-Ditu zamani, watoto akaenda nao, na nyumbani kwangu sauti pekee ni redio ya jirani. Nikachukua moteri ndogo ya mtumbwi iliyokuwa imelala pembeni, ya wakati wa Wabelgiji, ile ya kuzungushia kamba na kuvuta, nikapanda nayo lori mpaka Bukama. Pale nikaazima mtumbwi, nikaifunga moteri nyuma, nikashuka Lualaba peke yangu. Njia nzima niliomba kitu kimoja tu: nimkute mama hai, anishike, ajue nimefika.

Nililala njiani kwa wavuvi, na kesho yake mchana nikaingia ziwani. Hapo ndipo moteri ilikohoa mara moja, ikazima.

Sikuogopa. Moteri kukataa ni kazi yangu ya kila siku. Nikafungua bujie, ile plagi ya kutoa cheche, nikaikuta imelowa petroli. Maana yake petroli inafika, ila moto wa kuiwasha haupo. Nikaikausha kwa shati, nikairudisha kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma na kuvuta kamba. Lakini cheche ya moteri ya zamani ni ndogo, inataka kivuli, na jua lilikuwa utosini. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi, nisijue kama cheche ipo au haipo.

Unavijua visiwa vya Kisale? Ni mafunjo yaliyoshikana yakawa kama mkeka mkubwa unaoelea, na wavuvi hujenga vibanda juu yake na kuanika samaki. Upepo ulinisukuma mpaka kwenye kimoja. Kulikuwa na kibanda, na mbele yake mwanaume amekaa. Sikuona moshi, sikuona wavu, hata harufu ya samaki haikuwepo. Hilo nilipaswa kulipima vizuri, lakini mwenye haraka hapimi.

"Jambo, papa," akasema. "Moto hakuna?"

"Petroli iko, moto njo hakuna."

Akaingia majini mpaka magotini, akaushika mtumbwi wangu kwa upole, kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake. Tukafanya kazi pamoja. Kupitia tundu la gurudumu la juu nilizifikia platine, vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili umeme uruke. Vilikuwa vimeshika kutu. Nikavisugua kwa ubavu wa kiberiti mpaka vikang'aa, nikafuta waya, nikakagua bobine, koili inayozalisha umeme, nikaikuta kavu. Kilichobaki ni kujaribu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Sisi mafundi wa Kamina wengi hatuna kipimo cha umeme. Kipimo ni mkono wa mwenzako. Mmoja anashika ncha ya waya na chuma cha moteri, mwingine anavuta kamba, na yule wa waya akiruka na kukutukana, basi moto upo. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo na mimi nilivyofundisha wengine.

"Lete, minyi nitashika," akasema yule mtu.

Akashika. Nikavuta. Kimya. Alikuwa amesimama majini, mikono imelowa, mtu wa namna hiyo angerushwa mbali. Yeye alinitazama tu, amekaza uso kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Vuta tena."

Nikavuta. Nikafungua platine upya, nikasugua upya, nikavuta. Hakuna. Na yeye, "Vuta tena, papa. Usichoke."

Nikamuuliza amekaa pale tangu lini. "Sijui tena," akasema. "Watu wanapita na moteri ya sasa, ya nguvu. Hakuna mwenye kusimama."

Niamini, ile sauti naijua. Ni sauti yangu mwenyewe, pikipiki ya mteja imeshapona na mimi bado namtafutia hadithi asiende. Nilimhurumia kabisa. Lakini mama alikuwa ananingoja, na jua lilianza kushuka. Nikamwambia basi, nitapiga kafi mpaka Sanga, nikaanza kulitoa kafi chini ya kiti.

"Ngoja," akasema. "Weye shika waya, minyi nivute. Mara moja tu."

Nikaona ni sawa. Mafundi tunabadilishana hivyo kila siku. Nikashika ncha ya waya kwa mkono wa kuume, na yeye akauweka mkono wake juu ya wangu, akaubana. Ulikuwa baridi kama reli asubuhi ya mwezi wa sita. Akavuta kamba kwa mkono mwingine.

Akaruka. Alianguka chali juu ya mafunjo, ameukumbatia mkono wake, anacheka na machozi yanamtoka. "Nimesikia," akasema. "Papa, nimesikia."

Mimi sikusikia kitu mkononi. Unajua nilichofikiri? Nilishukuru Mungu kwamba moto wote umemwendea yeye. Nikairudisha bujie, nikavuta, moteri ikashika mara moja. Nikamuaga kwa kupunga mkono na kuondoka. Nilipogeuka nyuma kibanda kilikuwepo, lakini yeye hakuwepo, na mafunjo pale alipoanguka yalisimama wima yote, hata moja halikulala. Sikugeuka tena.

Nilifika Sanga kabla ya magharibi. Mama alikuwa hai. Dada akamwinamia, "Mama, njo yeye." Mama akautafuta mkono wangu wa kuume, akaushika kwa mikono yake miwili, akapapasa kidole kimoja kimoja. "Njo weye kweli," akasema.

Niliona vidole vyake vikinibana. Niliona, basi. Joto lao sikulipata, wala uzito wao. Nikajaribu kumpa mkono wa kushoto, akakataa kuuachia ule aliokwisha kuupata. Akaenda hivyohivyo, amenishika. Nami niliyekuwa mkononi mwake nilijua amekufa pale dada alipoanza kulia.

Daktari alinichoma sindano, damu ikatoka, akasema mkono ni mzima. Karakana bado ninayo. Wateja wanaona nashika waya bila kuruka, wengine wanacheka, wengine wamepeleka pikipiki zao kwingine. Jioni watu wakiondoka, nakaa na ile moteri, waya mkono wa kuume, kamba mkono wa kushoto. Navuta. Hakuna. Najiambia, vuta tena. Nakuambia ukweli, inaniuma sana, kila mahali isipokuwa pale mkononi.

Kwa hiyo wewe mwenye kupita Kisale, moteri ikikuzimia, na mtu wa kibanda kisicho na moshi akitaka kukushikia waya, mwache ashike. Mvutie kamba hata jioni yote kama una nafasi, maskini, amekaa peke yake muda mrefu. Lakini akisema ushike wewe na yeye avute, kataa. Chukua kafi upige maji. Utachelewa, utachoka, mabega yatawaka moto, lakini ukifika kwa anayekungoja, mkono utakaompa utakuwa bado wako.