Jina la Mtoto wa Auleria

Wifi yangu Auleria anashona sare za shule Tandika, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na hajawahi kumkabidhi mzazi sare yenye uzi unaoning'inia. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, Mwalimu Leodegar Mutalemwa. Watu wa Tandika wanamfahamu kwa cherehani yake. Sisi wa ukoo tunamfahamu kama mwanamke aliyengojea mtoto mpaka majirani wakachoka kumuuliza.

Sharti nieleze habari ya majina yetu. Mume wangu alifundisha Kiingereza sekondari, na nyumbani kwetu Kinondoni, baada ya chakula, alikuwa na mchezo wake. Anataja idadi ya herufi na herufi ya mwisho, nasi tunataja maneno. Alipenda zaidi yale ya herufi tano yanayoishia na e. Watoto walipiga kelele: table, knife, horse! Yeye alisema mengine katika hayo yanafaa kubebwa na mtu maisha yake yote. Watoto wetu akawaita Grace, Peace na Voice. Ndugu zake wakafuata, na kanisani tukajulikana kwa jambo hilo. Alipofariki waliendelea kuniletea majina niyapitishe, nami niliifanya kazi hiyo kwa heshima yake.

Allen, mdogo wao wa mwisho, alioa binti aitwaye Hope. Auleria hakumpa nafasi ya kupumua.

"Herufi nne huyo!" alisema kila tukikaa mezani. "Mwongezeeni nyama, huenda ya tano ikaota."

Tulicheka. Hope naye alicheka, akiwa ameinamia sahani.

Mwaka jana Mungu akawakumbuka wote wawili, Auleria na Hope, kwa miezi iliyokaribiana. Ujauzito uliwapatanisha. Hope alikuwa akitoka Ubungo Jumamosi na kushinda Tandika, wakikunja nguo ndogo na kulalamika miguu kuvimba. Siku moja Auleria alimwonyesha kitu ambacho hata mumewe Alfonsi alikuwa hajakiona: shuka ya mtoto aliyoitarizi kwa mkono, pembeni pameandikwa Prize. Neno hilo alilichagua tangu siku za mwanzo za ndoa yake, mume wangu akiwa hai, na hakuna aliyeligusa. Kwa miaka yote ya kungoja, hilo ndilo jina alilomwombea mtoto asiyekuwapo.

Hope alijifungua kwanza. Allen aliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Tumepata binti. Prize Allen Mutalemwa. Mama na mtoto wazima." Hongera zikamiminika. Mimi nilikwenda Tandika siku hiyohiyo. Nilimkuta Auleria kwenye kiti cha cherehani, ameshika wembe, anafumua herufi moja baada ya nyingine.

"Labda hakukusudia," nilisema.

"Wifi, alikishika kitambaa hiki. Akasema, jina zuri hilo, Mungu akujalie."

Nilimwita Allen kwangu. Sikutaka jambo hili lifike kwa majirani, wala kwa padre. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, "Shemeji, nimekuelewa. Cheti bado hatujachukua. Tutambatiza Shine, yaishe." Akaenda mwenyewe kumwomba dada yake radhi, na ili kukamilisha upatanisho akamwomba awe mama wa ubatizo. Auleria alikubali. Huyu Allen, akiwa mchanga, Auleria ndiye aliyembeba mgongoni kule Bukoba mama yao alipokuwa shambani, angemkatalia vipi?

Jumapili ya ubatizo alivaa gauni aliloshona mwenyewe, la kuficha tumbo lililokwisha kushuka. Yeye ndiye aliyempakata mtoto. Padre akauliza, "Mnampa mtoto wenu jina gani?"

Hope akajibu kwa sauti ya kusikika hadi mabenchi ya nyuma: "Anjelina Prize."

Nilimtazama Allen. Alikuwa anatazama mshumaa. Auleria hakutetereka. Alimshikilia mtoto juu ya beseni, akamfuta maji kwenye paji la uso, akajibu maswali yote ya imani. Nje, penye kivuli cha ukuta wa kanisa, ndipo aliposema.

"Allen, ulikuja kwangu ukaniapia."

"Dada, mama mtoto hakutaka. Mie ningefanyaje?"

"Ungenambia. Nisingekuja kusimama pale kama kinyago."

Hope akaingia kati. "Wifi, tangu niolewe mnanihesabia herufi mezani kama mtoto wa chekechea. Leo mwanangu kazitimiza, mnanuna? Au mlitaka aitwe Mouse?"

"Ningekuomba radhi kwa utani wangu," Auleria alisema. "Hata kwa magoti. Ila uliniombea Mungu chumbani kwangu huku ukiniibia."

Niliwaomba washushe sauti, kwa kuwa watu walikuwa wanatoka misa. Auleria akamkabidhi Hope mtoto wake, akaondoka na Alfonsi bila kula.

Alijifungua kabla mwezi haujaisha, binti pia. Nilikwenda na maneno mawili niliyoyafikiria njia nzima. Mama mkwe wake alikuwa amefika kutoka Newala, anamkanda mtoto mafuta.

"Kuna Noble na kuna Smile," nilimwambia Auleria. "Yote hayajachukuliwa."

"Ahsante, wifi. Kaa nayo."

"Mtoto wa Mutalemwa hawezi..."

"Huyu ni mtoto wa Alfonsi. Kwao wamekaa kimya muda wote kwa ajili ya mchezo wetu. Ameitwa Editha, jina la bibi yake huyu hapa."

"Kanisani wakiniuliza niwajibu nini?"

"Waambie la kwangu analo Allen."

Bibi yule hakuinua macho, aliendelea kukanda. Nilikunywa chai yangu, nikambariki mtoto, nikaaga.

Nyumbani niliandika kwenye kundi la ukoo, kama ilivyo desturi, kwamba Auleria na Alfonsi wamejaliwa binti, jina lake Editha. Allen alikuwa wa kwanza kujibu: "Shemeji, hilo jina umelipitisha wewe?"

Nikamwandikia: "Sikuulizwa."