Uji Kwenye Gwaride

Kwenye fomu ya kazi kulikuwa na mahali palipouliza nilikuwa nafanya nini kabla ya kuja Dubai, nami nikajaza: miaka minne na jeshi la Uingereza, Nanyuki. Hapo hakuna uongo. Miaka minne nilikuwa nao, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, isipokuwa Jumapili. Nilichoacha kusema ni kwamba nilikuwa nao kupitia nguo zao. Nilikuwa dobi. Majoni, ndivyo sisi watu wa Nanyuki tunavyowaita askari wa Kiingereza wanaokuja kufanya mazoezi kwetu, walikuwa wakienda kutambaa matopeni wiki mbili, wakirudi wanatutupia magunia ya nguo. Sisi wanawake sita tulizifua, tukazipiga pasi, tukawarudishia wafanane na watu tena. Ajenti wa Nairobi aliyenitafutia kazi hii ya ulinzi alisoma nilichoandika, akacheka kidogo, akaniambia nisiongeze neno. Sikuongeza.

Niseme pia nilivyoagwa, maana bila hilo hutaelewa kwa nini niling'ang'ania jambo hili kama kupe. Niliagwa kwa ibada mbili na mbuzi mmoja. Mchungaji alinipaka mafuta kwenye paji la uso. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, alilia mbele za watu. Mamangu alimpa mpangaji chumba changu kabla ndege haijapaa. Sasa mtu aliyeagwa hivyo anarudije baada ya miezi mitatu? Ningeshuka stendi na sanduku langu, kila mtu aniulize kama Dubai imefungwa.

Na kurudishwa kulikuwa jambo la kweli. Mwezi wangu wa kwanza, msichana mmoja wa kikundi chetu alikutwa na cheti cha kughushi. Asubuhi alikuwa kazini, jioni kitanda chake kilikuwa kimevuliwa shuka. Nilikitazama kile kitanda kitupu kila nilipopita.

Meneja wetu wa operesheni alikuwa Mwingereza aliyestaafu jeshini, uso mwekundu kama nyanya iliyoachwa juani, masharubu ameyachana. Tulimwita Sajini, kwa sababu ndicho cheo alichotoka nacho, na kwa sababu kila asubuhi alitupanga mstari uani, kwenye kempu yetu ya Al Quoz, kabla basi la kampuni halijatoka. Alikagua viatu, kucha, vifungo, ungedhani tunakwenda vitani, kumbe tunakwenda kufungua geti la ghala kule Freezone, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Kiarabu alijua maneno mawili tu, yalla, yaani twende, na khalas, yaani imekwisha, na yote mawili aliyasema kama anafyatua risasi.

Aliposoma fomu yangu aliniita ofisini. Aliniuliza mvua ya Nanyuki ikoje siku hizi, akaniuliza kuhusu matope. Haki ya nani, kama kuna mtu wa kuulizwa matope ni mimi. Nilimweleza yale mekundu na yale meusi, yapi yanang'ang'ania kwenye goti na yapi kwenye soksi. Aliitikia kwa kichwa muda wote, kwa heshima kabisa. Kisha akasema atanifanya kiongozi wa askari wa kike, tuko kumi na wawili, kwa miezi mitatu ya majaribio, na nikifaulu nitakuwa supavaiza. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, samahani sir, kuna kitu hakijaeleweka. Mimi nilisema yes sir na kugonga visigino.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuwafundisha wenzangu gwaride. Sasa gwaride mimi nililiona kupitia dirisha la chumba cha pasi. Nililijua kama mtu anavyojua mpira wa kwenye televisheni. Nilikumbuka kelele zaidi kuliko hatua, na nilikuwa sijawahi kuchunguza ipi ni amri na ipi ni tusi. Siku ya kwanza niliwapigia wenzangu kelele kama nilivyowasikia masajini wa Majoni wakipiga, na wasichana wawili waliojua Kiingereza vizuri wakakasirika, wakaenda kukaa ndani ya basi.

Aliyeniokoa ni Mganda wangu. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Mama mtu mzima kunipita kidogo, mpole, mwenye tabia ya kukunja nguo zake kama anazifunga zawadi. Kwao Kampala alilinda benki miaka miwili na bunduki ya kweli, na alifundishwa gwaride na mtu aliyejua kazi yake. Siku mbili tu alinitazama, kisha jioni moja akaniambia taratibu, "Dada, wewe bunduki hujashika. Wewe umeshika nini?" Nikamwambia pasi. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. Baada ya hapo kila jioni alinifundisha kwenye korido, kushoto, kulia, geuka nyuma, nami kesho yake naenda kuwafundisha wengine kwa sauti yangu kubwa, kana kwamba nimezaliwa nayo. Hakumwambia mtu. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na alikuwa akisubiri Sajini aseme kama utarefushwa, lakini hakuitumia siri yangu kujinunulia neema. Mimi, kwa tabia yangu hii, sijui kama ningeweza.

Halafu tukaambiwa madam anakuja. Madam ni mkurugenzi wa ile kampuni yenye ghala tunalolinda, na alitaka kuona askari wake wakikaguliwa asubuhi, uwanjani, mbele ya jengo. Sajini alikosa usingizi, ilionekana machoni. Aliniambia heshima yake iko mikononi mwangu. Nami nikaamua kwamba ikiwa gwaride si langu, basi pasi ni yangu. Nitawapigia wanawake wale pasi ambayo Dubai haijawahi kuona.

Kwetu, ukitaka suruali isimame, unaitia wanga. Wale Majoni walikuwa na wanga wa makopo, lakini makopo yakiisha tulipika wetu kama mamangu alivyonifundisha: uji mwepesi wa unga wa muhogo, chumvi kiasi ili pasi isishike, unachovya nguo, unaanika, unaipiga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Suruali ikitoka hapo mkunjo wake unaweza kukata mkate. Unga wa muhogo Mganda wangu alikuwa nao. Ijumaa alikuwa ameufuata kwenye duka dogo la Al Baraha, kilo mbili, na alikuwa akiula kwa mpango. Nilipomwomba alisita. Alisema ule unga ni wa kula, tena hewa ya huku si kama ya kwetu. Nikamuuliza kama Kampala wanajua kupiga pasi kuliko Nanyuki. Akanipa unga wote, na mimi nikaona nimeshinda.

Nilipika uji sufuria nzima. Nilichovya sare kumi na mbili, mashati na suruali, nikaanika kwenye korido, nikapiga pasi kutwa nzima ya siku yangu ya mapumziko mpaka mkono ukafa ganzi. Aki, zilipendeza. Asubuhi tulipovaa, suruali zilitutangulia. Kukaa ndani ya basi haikuwezekana, magoti yalikataa kukunjika, kwa hiyo tulisimama wote kumi na wawili tukishika vyuma, huku dereva Mpakistani akitutazama kwenye kioo. Ndani ya basi kulikuwa na baridi ya eisii. Nilijisikia jemadari.

Ilikuwa Agosti. Mtu aliyekaa Dubai anajua Agosti saa moja asubuhi ikoje: hewa yenyewe imelowa, ukitoka kwenye baridi miwani inaziba, nguo inakuwa majimaji kabla hujatoa jasho. Nanyuki hewa ni kavu, wanga unakaa mpaka wewe mwenyewe uuondoe. Na ile chumvi yangu, ambayo kwetu haina neno, huku iliita maji kutoka kila upande. Tulishuka, tukapanga mstari, na kabla Sajini hajafika mwisho wa mstari nilisikia kitu cha uvuguvugu kikinitelemka nyuma ya goti.

Ule wanga ulirudi kuwa uji. Haukurudi wote kwa pamoja, ulianza kwapani, ukaja kiunoni, ukashuka. Mikono ilinata mbavuni. Kwenye viatu vyetu vyeusi, tulivyovipiga rangi mpaka ukajiona sura, yalianza kudondoka matone meupe. Nilitoa amri ya kutembea kwa sababu sikujua la kufanya, na mapaja ishirini na manne yakaachana kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Nzi wakafika. Madam alikuja na tabasamu lake zuri, akasimama mbele ya Mganda wangu aliyekuwa wa kwanza, akagusa kola yake kuisifu, na vidole vikatoka vyeupe. Akavinusa. Akamuuliza Sajini, kwa upole, kama walinzi wamepata kifungua kinywa.

Uso wa Sajini ulitoka kwenye wekundu ukaenda kwenye rangi nyingine ambayo sijaiona tena. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alisubiri madam aingie ndani, akakunja kidole kutuita wawili, mimi kama kiongozi na Mganda wangu kwa sababu ya ile kola, tukamfuata kwenye kiofisi chake cha pale ghalani tukiacha alama sakafuni.

Aliuliza ni kitu gani kile. Nikasema unga wa muhogo, sir. Akauliza ni unga wa nani. Mganda wangu akasema, "Wangu, sir." Hakuongeza kwamba nilimwomba, wala kwamba alinionya. Sajini akafungua droo, akatoa faili la Mganda wangu, akaandika kitu, akasema mkataba unaisha Alhamisi na hautarefushwa, khalas. Yule mama aliinamisha kichwa tu. Nilimwona akiingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake, akabonyeza kitu, akautoa tena.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nilinyamaza kweli, labda kwa pumzi tatu. Niliona stendi ya Nanyuki, nikamwona shangazi. Halafu nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia Sajini kila kitu bila kupumua: kwamba unga nililazimisha, uji nilipika mimi, chumvi ni yangu, gwaride nilifundishwa na huyuhuyu kwenye korido, na kwamba jeshini sikuwa askari hata siku moja, nilikuwa dobi.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Askari akiingia kwangu hutazama viatu vyake. Wewe ulitazama kola yangu, ukasikitika."

Mambo ya kola ile wacha tu, ilikuwa aibu. Akasema alisubiri niseme mwenyewe, na nilipokuwa sisemi alianza kukasirika, lakini gwaride lilikuwa linakwenda vizuri naye hakujua kwa nini. Kisha akakaa, akapunguza sauti, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: vitu tulivyokuta mifukoni mwa nguo tulivifanya nini. Aliuliza kuhusu barua hasa. Kama tulizisoma.

"Hatukuzisoma, sir," nikamwambia. "Tulizikausha. Tukazipiga pasi juu ya kitambaa, tukazirudisha mfuko uleule."

Akasema alipokuwa kijana alikuja kufanya mazoezi Nanyuki, na barua ya mamake ilikwenda kwa dobi ndani ya mfuko. Ilirudi imenyooka, wino umefifia kidogo. "Sikuwahi kufikiri kuna mtu aliyefanya hivyo," akasema. "Nilidhani nguo hurudi hivyo." Nami nilijikuta nina hasira naye na kumhurumia kwa wakati mmoja, maana miaka yote minne ndivyo walivyodhani wote.

Alinisogezea fomu mpya, akaniambia nijaze upya. Nikaandika: dobi, miaka minne. Akaisaini. Kisha akalifungua tena lile faili la Mganda wangu, akafuta alichokuwa amekiandika, na akasema kuanzia siku hiyo yule mama ndiye supavaiza wa wanawake na mimi niko chini yake. Usupavaiza wangu ukaishia hapo, huku uji ukinikaukia kwenye soksi. Iliniuma, sitadanganya. Iliniuma mpaka kwenye basi.

Supavaiza mpya hakukawia. Tuliposhuka Al Quoz aliniita mbele ya wenzangu, uso hauna mzaha hata kidogo, akaniamuru sare zote kumi na mbili ziwe safi kabla ya ukaguzi wa kesho, na nisiguse unga wa mtu. Nikagonga visigino, nikasema ndiyo, afande. Nikazikusanya, nikaketi kwenye kigoda cha bafuni, na kabla ya kufungulia maji nikaanza na mifuko, mmoja mmoja. Katika mfuko wa shati la Mganda wangu nikakuta picha ndogo ya msichana aliyevaa sare ya shule, imelowa uji, imejikunja pembeni. Niliisafisha kwa pamba, nikaikausha, nikaipiga pasi ya moto mdogo kati ya vitambaa viwili, kisha nikaenda kuiweka chini ya mto wake.