Leso ya Karani Mpya

Mwezi uliopita nilikuwa barazani pa boma la Arusha nikingoja shauri langu la ng'ombe. Mbele ya Bwana Mkubwa, Mzungu wa boma, alisimama kijana wa Unguja aliyemaliza shule kwao, akavuka maji kuja kutafuta ukarani huku bara kwa Wadachi, hawa Wajerumani. Kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma.

"Utaandika mashauri ya wazee," Bwana Mkubwa akamwambia. "Wasalimie kwanza."

Kijana akainama mbele ya mzee wa Kiarusha. "Shikamoo, mzee."

Mzee akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Huku chini ya Mlima Meru hiyo ni baraka, wala mzee haitoi kwa kila mpita njia.

Kijana akatoa leso, akafuta. Akafuta tena.

Mzee aliitazama ile leso mpaka ikarudi mfukoni, kisha akasema kwa Kimasai, taratibu, "Nimempa, amekataa."

"Anasema nini?" akauliza Bwana Mkubwa.

Askari wa mlangoni akatazama chini. "Anasema karibu."

Bwana Mkubwa akafurahi, akausifu usafi wa kijana, akampa kazi palepale.

Sasa kijana ana meza na kiti. Wazee wanaipita meza yake, wanamweleza askari, naye askari ndiye anayemwambia la kuandika. Najua kwao Unguja vikongwe huwatemea wajukuu mate ya dua wanaposafiri. Ningemwuliza kama ya bibi yake aliyafuta pia, ila na mimi siku hizi shauri langu nampelekea askari.